Saa ya Rubani na Saa ya Ndege: Jinsi Muda wa Kuruka Unavyohesabiwa na Kuandikwa



Katika somo la tafsiri la mwaka wa pili, mwanafunzi mmoja alituletea sentensi fupi aliyoombwa na jamaa yake kuitafsiri. Jamaa huyo alikuwa akisomea urubani wa ndege ndogo, na sentensi ilitoka katika daftari lake. Darasa likakubaliana upesi kwamba tafsiri ni hii: "Ndege iliruka saa mbili." Nilipowauliza sentensi hiyo ina maana gani, nusu ya darasa walisema ndege iliondoka asubuhi saa mbili, na nusu nyingine wakasema ilikaa angani kwa muda wa saa mbili. Ubishi ulikuwa mkali hata kipindi kikaisha.

Nilirudi nyumbani nikidhani tatizo ni la Kiswahili peke yake. Baada ya kuuliza na kusoma, nikagundua kuwa hata marubani wenyewe, kwa lugha yoyote wanayoitumia, hawawezi kusema "saa mbili" wakaachia hapo. Lazima waseme ni saa mbili za nani: za rubani, za ndege, za injini, au za mwenye ndege anayedai kodi. Safari ni moja, lakini saa zake ni nne tofauti. Makala hii inakusudia kueleza tofauti hizo, kwa nini zipo, na nini hutokea zinapochanganywa. Mwishoni tutatoa msamiati na zoezi kwa ajili ya darasa.

Kwa nini saa zihesabiwe?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndege ni mali, na ujuzi wa rubani nao ni mali. Vyote viwili hupimwa kwa saa.

Tuanze na rubani. Nchi zilizotia saini Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 hufuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO). Kiambatisho cha kwanza cha mkataba huo ndicho kinachohusu leseni. Kwa mujibu wa viwango hivyo, anayetaka leseni ya rubani wa binafsi ni lazima awe ameruka saa zisizopungua 40, au 35 ikiwa amefuata mafunzo katika chuo kilichoidhinishwa. Kati ya hizo, saa 10 awe ameruka peke yake, bila mkufunzi ndani ya ndege. Anayetaka leseni ya biashara anahitaji saa 200, au 150 kwa njia ya chuo kilichoidhinishwa. Anayetaka leseni ya juu kabisa, ile ya kuongoza ndege kubwa za abiria, anahitaji saa 1,500. Hapa Uganda, chuo cha urubani cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, kimekuwa kikiwafundisha vijana kuanza safari hiyo ndefu ya saa.

Kwa upande wa ndege, chuma huchoka. Injini nyingi za kampuni ya Lycoming, ambazo hutumika katika ndege ndogo kama vile Cessna 172, zimepangiwa na mtengenezaji kufunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa baada ya takriban saa 2,000 za kazi, au miaka 12, kinachotangulia. Kabla ya hapo, oili na chujio lake hubadilishwa kila baada ya saa 50 hivi, na ndege za kukodisha na za kufundishia hukaguliwa kila saa 100. Fundi hawezi kujua kwa kuitazama tu injini kwamba imefika saa 1,950 au 2,450. Anategemea maandishi. Maandishi yakiwa ya uongo, naye ataongopewa, na baada yake atakayeongopewa ni abiria.

Saa nne za safari moja

Ili jambo hili lieleweke vizuri, tuchukue mfano wa safari ya Cessna 172 kutoka Entebbe hadi Kigali. Mfano ni wa kutungwa, lakini nambari zake ni za kawaida kwa safari ya namna hiyo. Nyakati zote tumeziandika kwa saa ya ulimwengu, yaani UTC, ambayo tutaieleza hapo mbele.

05:51 – Rubani anawasha injini.
06:00 – Ndege inaanza kujongea kutoka maegeshoni.
06:12 – Magurudumu yanaachana na ardhi Entebbe.
07:48 – Magurudumu yanagusa ardhi Kigali.
08:00 – Ndege inasimama kabisa maegeshoni.
08:03 – Rubani anazima injini.

Sasa tuulize: ndege hii iliruka kwa muda gani?

Kwanza, saa ya rubani. ICAO inasema kuwa muda wa kuruka kwa eropleni ni muda wote tangu inapoanza kujongea kwa nia ya kupaa hadi inaposimama kabisa mwisho wa safari. Marubani huita muda huo wa kabari hadi kabari, kwa sababu ya zile kabari zinazowekwa kwenye magurudumu ndege isijongee. Kwa safari yetu, ni kutoka 06:00 hadi 08:00, yaani saa mbili kamili. Hizo ndizo atakazoziandika rubani katika daftari lake. Angalia vizuri: dakika 24 kati ya hizo ndege ilikuwa chini. Hata hivyo zinahesabiwa, kwa kuwa kuiongoza ndege ardhini hadi kwenye njia ya kurukia, na kutoka hapo hadi maegeshoni, ni sehemu ya kazi ya rubani, na ajali hutokea huko pia. (Kwa helikopta, kipimo huanza pale mapanga yake yanapoanza kuzunguka hadi yanaposimama.)

Pili, saa ya angani. Huu ni muda tangu magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa tena. Kwa safari yetu ni kutoka 06:12 hadi 07:48, ambayo ni saa moja na dakika 36. Hii ndiyo inayotumika kuhesabu umri wa bodi ya ndege kwa ajili ya matengenezo. Sababu yake ni kwamba mabawa hubeba uzito wa ndege inapokuwa angani. Ikiwa chini, uzito huo hubebwa na magurudumu.

Tatu, saa ya mita ya Hobbs. Katika ndege nyingi ndogo kuna kisanduku kidogo chenye nambari, mfano wa mita ya umeme, kilichopewa jina la John Hobbs, Mmarekani aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1938 mjini Springfield, Illinois. Mara nyingi mita hii huanza kuhesabu pale shinikizo la oili ya injini linapopanda, na husimama injini inapozimwa. Kwa safari yetu ni kutoka 05:51 hadi 08:03, yaani saa mbili na dakika 12. Wenye ndege hupenda kuitumia kudai kodi, kwa kuwa injini inayonguruma hula mafuta hata kama ndege haijatoka mahali pake. Hata hivyo, si mita zote zilizounganishwa hivyo. Nyingine huanza swichi kuu ya umeme inapowashwa, na nyingine husubiri hadi ndege ipate mwendo wa kutosha wa kupaa. Kwa hiyo, anayepanga ndege humpasa kuuliza kwanza.

Nne, saa ya injini, inayosomwa kwenye takomita, yaani kipimo cha mizunguko ya injini. Kipimo hiki cha kizamani hakijui saa hasa, bali huhesabu mizunguko. Kimetengenezwa ili kionyeshe saa moja injini inapozunguka kwa mwendo wake wa safari, tuseme mizunguko 2,400 kwa dakika, kwa muda wa dakika 60. Injini ikizunguka polepole maegeshoni, kwa mizunguko 1,000 tu, nambari nazo husogea polepole. Kwa safari yetu, takomita itaonyesha takriban saa moja na dakika 48. Mafundi wengi wa ndege ndogo huitumia hii kupanga ukaguzi.

Tuziweke pamoja kwa mfumo wa desimali, kama zinavyoandikwa vitabuni: Hobbs 2.2, rubani 2.0, takomita 1.8, angani 1.6. Hakuna iliyo ya uongo. Kila moja inajibu swali lake. Uongo huingia mtu anapochukua jibu la swali moja akalipeleka kwa swali jingine. Safari kama hii ikirudiwa mara 100, Hobbs itasema saa 220 na saa ya angani itasema 160. Tofauti ya saa 60 inazidi hata muda unaoruhusiwa kati ya kubadilisha oili mara moja na mara ya pili.

Nukta moja, makosa mengi

Wasomaji wetu walimu wa hesabu watatusamehe, lakini jambo hili ni la lugha pia. Muda wa kuruka huandikwa kwa saa na sehemu ya kumi ya saa. Sehemu moja ya kumi ni dakika sita. Hivyo 1.5 ni saa moja na nusu, na 1.3 ni saa moja na dakika 18, wala si saa moja na dakika 30.

Mwanafunzi anayeandika 1.30 akimaanisha saa moja na nusu amejinyima dakika 12. Akiandika 1.50 akimaanisha saa moja na dakika 50, amejinyima dakika 20. Ukija upande wa Kiswahili mambo huzidi: mtu akiona "saa 1:30", ataisoma kuwa ni asubuhi au jioni, saa moja na nusu. Ndiyo maana tunashauri kwamba katika maandishi ya urubani nukta isomwe kwa jina lake: "mbili nukta mbili", "moja nukta sita". Nukta mbili, yaani alama hii (:), iachwe kwa ajili ya saa ya ukutani peke yake.

Saa ipi: ya Kiswahili, ya mahali, au ya ulimwengu?

Sisi watu wa Afrika Mashariki tumerithi hesabu ya saa yenye mantiki nzuri: siku huanza jua linapochomoza, na saa moja ya mchana ni saa ya kwanza ya mwanga. Waganda, Wanyarwanda na Warundi nao huhesabu hivyo hivyo katika lugha zao. Lakini rubani anaporuka kutoka nchi moja hadi nyingine hukutana na mtego.

Rudi kwenye safari yetu. Ndege ilianza kujongea Entebbe saa 06:00 UTC. Uganda iko mbele ya UTC kwa saa tatu, kwa hiyo saa ya ukutani ilionyesha 09:00, nasi tungesema saa tatu asubuhi. Ilisimama Kigali saa 08:00 UTC. Rwanda iko mbele kwa saa mbili tu, kwa hiyo saa ya ukutani ya Kigali ilionyesha 10:00, nasi tungesema saa nne asubuhi. Mtu akitoa tatu katika nne anapata saa moja. Rubani wetu angepoteza nusu ya safari yake kwa sababu ya mpaka tu! Akirudi siku ile ile bila kujirekebisha, safari ya kurudi itaonekana ilichukua saa tatu.

Ili kuepuka balaa hili, usafiri wa anga wa kimataifa hutumia saa moja duniani kote, UTC, na huiandika kwa tarakimu nne kutoka 0000 hadi 2359. Haina asubuhi wala jioni, wala haijui mpaka. Kwa mwalimu wa Kiswahili somo lake ni hili: kumfundisha mwanafunzi kutoa sita au kuongeza sita hakutoshi. Afundishwe pia kuuliza: saa hii imeandikwa na nani, kwa ajili ya nani?

Hali kadhalika neno "usiku". Rubani huandika saa zake za usiku katika safu ya peke yake, kwa sababu kuruka gizani ni ujuzi tofauti. Lakini usiku wake hauanzi jua linapozama. Kwa tafsiri ya ICAO, huanza mwisho wa utusitusi wa jioni, jua linapokuwa nyuzi sita chini ya upeo wa macho. Huku kwetu karibu na ikweta, utusitusi huo ni wa dakika ishirini na kitu tu baada ya jua kuzama. Mswahili amezoea kutofautisha jioni, magharibi na usiku, kwa hiyo hatapata shida kuelewa jambo hili. Lakini mfasiri asiyekuwa mwangalifu anaweza kuandika "baada ya jua kuzama" na kuibadilisha sheria.

Daftari la rubani na vitabu vya ndege

Daftari la rubani ni mali yake mwenyewe. Kila safari hupewa mstari mmoja wenye tarehe, aina ya ndege, nambari yake ya usajili (zinazoanza na 5X ni za Uganda, 5Y za Kenya, 5H za Tanzania, 9XR za Rwanda na 9U za Burundi), mahali alipotoka na alipofika, na muda. Kisha muda huo hugawanywa katika safu: je, alikuwa na mkufunzi, au peke yake? Alikuwa rubani kiongozi, au msaidizi? Mchana au usiku? Alitazama nje, au aliongoza ndege kwa vipimo peke yake ndani ya mawingu? Saa moja ya kuruka inaweza kuingia katika safu zaidi ya moja, lakini katika jumla kuu huingia mara moja tu. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea.

Ndege nayo ina vitabu vyake, na kwa desturi ni vitatu: cha bodi, cha injini na cha propela (rafadha). Kwa nini vitatu? Kwa sababu injini inaweza kung'olewa katika ndege hii ikafungwa katika ile. Kitabu chake huifuata huko iendako, kama vile cheti cha kliniki kinavyomfuata mtoto.

Hesabu iliyoandikwa na chuma

Tarehe 4 Aprili 2018, ndege ndogo aina ya Piper PA-28R-201 iliyokuwa ikitumika katika mafunzo ilipaa kutoka uwanja wa Daytona Beach, Florida, Marekani. Ndani yake mlikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akifanya mtihani wa leseni ya biashara, pamoja na mtahini wake. Muda mfupi baada ya kupaa, bawa la kushoto lilikatika, ndege ikaanguka, na wote wawili wakafariki. Wachunguzi walikuta ufa wa uchovu wa chuma katika mhimili mkuu wa bawa. Ndege ilitengenezwa mwaka 2007 na ilikuwa na saa zipatazo 7,690. Kwa ndege ya aina hiyo, saa hizo si nyingi za kutisha. Lakini ilikuwa imetua zaidi ya mara 33,000, kwa kuwa mwanafunzi wa urubani hupaa na kutua, hupaa na kutua, siku nzima.

Mamlaka ya anga ya Marekani ilipotoa agizo la ukaguzi, lililoanza kufanya kazi mwaka 2021, ilikabiliwa na swali: ni ndege zipi zikaguliwe? Saa tupu hazikutosha kujibu. Wakatafuta ushahidi katika vitabu. Ndege za kukodisha na za mafunzo hufanyiwa ukaguzi wa saa 100. Ndege ya mtu binafsi hailazimiki. Basi wakaamua kwamba kila ukaguzi wa saa 100 ulioandikwa uhesabiwe kuwa saa 100 nzito kamili, na saa zinazobaki zigawanywe kwa 17. Jumla ikifika 5,000, mhimili wa bawa lazima ukaguliwe.

Tujaribu wenyewe. Chukua ndege mbili, kila moja ina saa 8,500. Ya kwanza ni ya chuo na imefanyiwa ukaguzi wa saa 100 mara 85. Saa zake nzito ni 85 mara 100, yaani 8,500. Ya pili ni ya mtu binafsi, haijawahi kufanyiwa ukaguzi huo hata mara moja. Saa zake nzito ni 8,500 gawanya kwa 17, yaani 500. Nambari kwenye mita ni ile ile, lakini ndege ya kwanza ilipaswa kukaguliwa zamani, na ya pili bado iko mbali.

Angalia, ndugu msomaji, hesabu hii ilitegemea nini. Ilitegemea mistari iliyoandikwa kwa mkono na mafundi miaka mingi iliyopita, ambao hawakujua kwamba siku moja mstari wao ungetumika hivyo. Aidha, agizo hilo halikuzisahau ndege ambazo kumbukumbu zake zimepotea au hazijakamilika: nazo ziliingizwa katika kundi linaloshukiwa. Kwa chuma, kutojua hakuhesabiwi kuwa ni salama.

Kalamu hairuki

Kuna makosa ya bahati mbaya, na kuna ya makusudi. Kijana anayehitaji saa 200 na ana 170 anaweza kushawishika kujaza 30 zilizobaki kwa wino. Mwenye ndege anaweza kushawishika kuchomoa waya wa mita ili ukaguzi usikaribie. Wote wawili husahau kwamba safari moja huacha nyayo sehemu nyingi: daftari la rubani, kitabu cha ndege, risiti ya mafuta, na kumbukumbu za waongoza ndege. Vitabu viwili vikiwekwa pamoja na kimoja kinasema rubani alikuwa angani siku ambayo kingine kinasema ndege ilikuwa karakana, mambo yamekwisha. Njia ya mwongo ni fupi. Kwa sheria za Marekani, kwa mfano, maandishi ya uongo katika daftari ni sababu tosha ya kumfutia rubani leseni zake.

Hata hivyo, tusije tukaabudu nambari. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, na watu 50 wakafa. Baada ya hapo sheria ya mwaka 2010 iliagiza kwamba hata rubani msaidizi wa mashirika ya abiria awe na leseni ya juu, ambayo kwa kawaida huhitaji saa 1,500. Ilianza kutekelezwa mwaka 2013. Lakini marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshavuka saa 1,500. Saa zinaonyesha kwamba mtu alikuwapo. Hazionyeshi alijifunza nini. Walimu wenzangu tunalijua hili: mahudhurio kamili darasani si alama za mtihani. Lakini hakuna mwalimu anayetupa daftari la mahudhurio kwa sababu hiyo.

Saa au masaa?

Turudi sasa kwenye ubishi wetu wa darasani. Kiswahili sanifu huliweka neno "saa" katika ngeli ya I-ZI: saa moja, saa mbili, saa nyingi. Wazungumzaji wengi, hasa hapa Uganda na kule Kongo, husema "masaa mawili" wanapotaka kueleza muda, na "saa mbili" wanapotaka kutaja wakati. Walimu wengi husahihisha "masaa" kwa wino mwekundu. Mimi pia husahihisha katika insha. Lakini ni haki tukiri kwamba wazungumzaji hao hawakosei ovyo. Wanajaribu kuziba pengo la maana.

Ushauri wetu ni huu: katika maandishi ya kitaalamu, pengo lizibwe kwa neno jingine badala ya kuibadili ngeli. Kwa muda, andika "muda wa saa mbili" au "kwa saa mbili". Kwa wakati, andika "ilipofika saa mbili" au taja sehemu ya siku. Kwa jumla ya rubani, sema "saa za kuruka". Sentensi ya mwanafunzi wetu basi iwe: "Rubani aliandika muda wa kuruka wa saa mbili, kabari hadi kabari." Ni ndefu kidogo, lakini hakuna atakayebishana juu yake.

Msamiati

Muda wa kuruka – tangu ndege inapoanza kujongea kwa nia ya kupaa hadi inaposimama kabisa.
Muda wa angani – tangu magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa tena.
Daftari la rubani – kitabu cha kumbukumbu za saa za rubani.
Kitabu cha ndege – kumbukumbu za saa na matengenezo ya bodi; injini na propela zina vitabu vyake.
Takomita – kipimo cha mizunguko ya injini.
Rubani kiongozi – mwenye dhamana ya safari.
Uchovu wa chuma – udhaifu unaotokana na kubeba mzigo na kuuacha mara nyingi.
Utusitusi – mwanga hafifu kabla ya jua kuchomoza na baada ya kuzama.

Zoezi

Ndege ndogo ilianza kujongea Bujumbura saa mbili kamili asubuhi, saa za Burundi (UTC na saa mbili). Ilisimama Kigoma saa nne na dakika sita asubuhi, saa za Tanzania (UTC na saa tatu). (a) Andika nyakati zote mbili kwa UTC. (b) Rubani aandike muda gani, kwa desimali? (c) Tunga sentensi mbili: moja yenye "saa mbili" kwa maana ya wakati, nyingine kwa maana ya muda, bila kutumia "masaa".

Majibu ya (a) na (b): 0600 na 0706, 1.1. Aliyepata 2.1 amesahau mpaka. Jibu la (c) tunawaachia walimu walisahihishe, na sentensi nzuri zaidi mtuletee idarani.